Kumwandaa mtoto kwa mashindano ya chesi: ufunguzi wa Kitaliano na mraba wa f7

Mtoto wa Tabora au Kigoma aliyeanzia kwenye drafti ya vizibo vya soda huja kwenye chesi na tabia moja ngumu kung'oka: akiona cha kula, anakula. Kwenye drafti halaumiwi, maana kula ni lazima. Kwenye chesi kula ni hiari, na kete iliyoachwa wazi mara nyingi ni chambo. Anza na tabia hiyo kabla hujamfundisha ufunguzi wowote. Mpangie ubaoni mahali penye kete ya kulika, mwambie aikalie mikono yake, kisha umuulize: "Ukila, mwenzako anajibu nini?" Ajibu kwa mdomo. Mkono usiguse kitu mpaka jibu litoke. Dakika kumi kila siku kwa wiki moja zinatosha kumfanya asite, na kusita huko ndiko kunakomwokoa raundi ya pili akiwa amekaa na mtoto wa shule nyingine aliyemtegea.

Yanayofuata ni kwa mwalimu au mzazi mwenye mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayejua tayari kete zinavyotembea, na aliye na mwezi mmoja hivi kabla ya mashindano. Kwenye karatasi tunatumia herufi zinazotumika kwenye karatasi nyingi za mashindano: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda hakina herufi, unaandika mraba tu. Mraba unatajwa kwa herufi ya safu, a hadi h kutoka kushoto kwa Nyeupe, na namba ya mstari, 1 hadi 8 kuanzia upande wa Nyeupe. Nukta tatu, kama 2...Nc6, zinaonyesha ni hatua ya Nyeusi, na alama ya ! ni hatua nzuri. O-O ni kumficha mfalme upande mfupi. Alama ya x ni kula, + ni cheki na # ni chekimeti.

Kwa nini f7

Tazama ubao kabla ya hatua ya kwanza. Kitunda cha e7 kinalindwa na mfalme, malkia, askofu na farasi. Kile cha d7 nacho kina walinzi wanne. Cha f7 kinalindwa na mfalme peke yake. Kwa Nyeupe mraba huo ni f2. Mlinzi akiwa mfalme pekee, washambulizi wawili wanatosha kuvunja mlango, na watoto wanaligundua hilo mapema sana. Ndiyo maana mtoto mgeni kwenye mashindano atakutana na malkia anayetoka mbio hatua ya pili, akiulenga mraba huo huo.

Kinga yake aijue usingizini. Mpinzani anacheza 1. e4 e5 2. Qh5. Hapo malkia anatishia kula kitunda cha e5, na wengi kwa hofu wanasukuma 2...g6 wamfukuze. Ni kosa kubwa: 3. Qxe5+ ni cheki, na ngome ya h8 inaliwa hatua inayofuata. Jibu sahihi ni 2...Nc6, kulinda e5 kwanza. Sasa 3. Bc4 inatishia chekimeti pale f7, na sasa ndipo g6 ni sahihi, kwa kuwa e5 ina mlinzi. Malkia akirudi 4. Qf3, akitishia f7 tena, farasi anaziba njia: 4...Nf6. Baada ya hapo Bg7, d6 na O-O. Nyeusi ametoa kete zake huku Nyeupe akimkimbiza malkia wake mwenyewe huku na huko.

Na mtoto wako akiwa Nyeupe? Usimfundishe kushinda kwa njia hiyo. Inampa ushindi raundi ya kwanza dhidi ya wasiojua, halafu inamwacha mkavu raundi ya tatu anapokutana na wanaojua. Mashindano mengi ya vijana hupangwa kwa mfumo wa Uswisi: kila raundi unakutana na mwenye pointi kama zako, ukishinda pointi 1, sare nusu. Kadiri unavyoshinda ndivyo wapinzani wanavyozidi kuwa wakali, kwa hiyo mbinu ya kuwinda wasiojua inaisha nguvu pale hasa unapoihitaji.

Kitaliano, hatua kwa hatua

1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bc4. Hizo tatu ndizo Kitaliano. Ufunguzi huu umechezwa kwa zaidi ya miaka 400, na Magnus Carlsen aliutumia dhidi ya Sergey Karjakin kwenye mechi ya ubingwa wa dunia kule New York mwaka 2016, kwa hiyo mtoto haachi kuucheza akikua. Tunaupendelea kwa vijana kwa sababu kila hatua ina kazi anayoweza kuieleza. Kitunda cha e4 kinashika katikati na kufungulia njia malkia na askofu. Farasi wa f3 anatishia e5 papo hapo. Askofu wa c4 anaangalia f7, na sasa hakuna kitu kati ya mfalme na ngome ya h1, hivyo O-O inaweza kuja hatua ya nne au ya tano. Mwambie akueleze hizo kazi kwa maneno yake. Akikariri hatua bila kazi, mpinzani akibadilisha kidogo tu atabaki anamwangalia mwamuzi.

Nyeusi ana majibu mawili makubwa.

La kwanza ni 3...Bc5. Mfundishe 4. c3 Nf6 5. d3 d6 6. O-O O-O, halafu Re1, h3, na farasi wa b1 apite d2, f1 mpaka g3. Ni mchezo wa polepole, hakuna linalovunjika mapema. Kitunda cha c3 kina kazi mbili: kinaandaa d4, na kinampa askofu mahali pa kurudi. Nyeusi akicheza Na5 kumwinda askofu wa c4, askofu anakwenda b5, na akifukuzwa kwa vitunda anarudi a4 kisha c2, maana c2 iko wazi. Mtoto anayesahau c3 hubadilishana askofu wake mzuri kwa farasi bila kupata kitu. Hatua ya h3 inazuia askofu wa Nyeusi asije g4 kumbana farasi wa f3 mbele ya malkia. Si lazima ichezwe mapema, ila ichezwe kabla ya kusukuma d4.

Nyeupe akitaka moto anaweza kucheza 5. d4 badala ya d3. Hapa mtoto aliye upande wa Nyeusi lazima ajue jambo moja: baada ya 5...exd4 6. cxd4 acheze 6...Bb4+, ile cheki. Wengi hurudisha askofu 6...Bb6 kwa sababu panaonekana salama. Nyeupe anasukuma 7. d5, kisha e5, na farasi wote wawili wanakimbizwa kama kuku. Cheki inamlazimisha Nyeupe ajibu kwanza. Kwa kawaida 7. Bd2 Bxd2+ 8. Nbxd2, na hapo Nyeusi anapiga 8...d5! kuvunja vitunda vya katikati. Baada ya 9. exd5 Nxd5 farasi amekaa imara na mchezo uko sawa.

La pili ni 3...Nf6, na hapa kaa zaidi, maana ndipo watoto wengi wanapovunjika.

Nyeupe anaweza kucheza 4. Ng5. Farasi na askofu wote wanalenga f7. Nyeusi akicheza 4...h6 kumfukuza farasi, amechelewa: 5. Nxf7 inamshika malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa mpigo mmoja. Hatua ya kawaida na ya kuaminika ni 4...d5, kumfungia askofu njia. Nyeupe anakula 5. exd5. Sasa mtoto wa drafti anaona kitunda cha kula na anakula kwa farasi, 5...Nxd5. Ndipo linapokuja pigo ambalo Waitaliano wanaliita Fegatello: 6. Nxf7 Kxf7 7. Qf3+.

Weka nafasi hii ubaoni na uikalie nusu saa. Mfalme wa Nyeusi akirudi nyuma, farasi wa d5 analiwa bure. Akitaka kumlinda lazima apande 7...Ke6, katikati ya ubao, mbele ya jeshi zima. Nyeupe anacheza 8. Nc3. Hesabu na mtoto kwa kidole: farasi wa d5 anashambuliwa na nani? Askofu wa c4, malkia wa f3, farasi wa c3. Watatu. Analindwa na nani? Mfalme na malkia. Wawili. Na hawezi kukimbia, maana nyuma yake kwenye mstari wa askofu yupo mfalme. Nyeusi atamleta farasi mwingine b4 au e7 kuongeza mlinzi wa tatu, na kwa hesabu ana farasi zaidi kwa kitunda kimoja tu alichopoteza. Kompyuta inaweza kuhimili nafasi hiyo. Mtoto wa miaka 11 mwenye dakika kumi zilizobaki hawezi. Zoezi hili la kuhesabu washambulizi na walinzi lina thamani kuliko ufunguzi wenyewe, maana atalitumia kila mchezo mpaka uzeeni.

Jibu sahihi kwa Nyeusi ni 5...Na5. Halili kitu, linampiga askofu. Mstari wa kawaida unaendelea 6. Bb5+ c6 7. dxc6 bxc6 8. Be2 h6 9. Nf3 e4 10. Ne5. Nyeusi amepungukiwa kitunda kimoja, lakini amemrudisha askofu, amemzungusha farasi, na kete zake zinatoka haraka. Mwambie mtoto wazi kwamba kitunda hicho hakipotei kwa uzembe, ni bei ya muda. Asipoambiwa atahangaika kukirudisha na kuharibu mchezo.

Kwa mtoto anayecheza Nyeupe, ushauri wetu ni kuiacha 4. Ng5 na kucheza 4. d3. Inalinda e4, inamwachia askofu wa c1 njia, na baada ya 4...Bc5 5. c3 d6 6. O-O tumerudi kwenye mpango ule ule wa polepole. Mpango mmoja kwa majibu mawili, kichwa kimoja kidogo kinaubeba. Kosa la kuepuka hapa ni kumbana farasi wa f6 kwa Bg5 wakati wewe umeshamficha mfalme na Nyeusi bado hajamficha wake. Atasukuma h6, kisha g5, na vitunda vyake vinamshukia mfalme wako bila hasara kwake, kwa kuwa mfalme wake hakai upande huo.

Mitego mitatu atakayokutana nayo

Mpinzani akicheza 2...f6 kulinda e5, adhabu ipo: 3. Nxe5! Akila 3...fxe5, basi 4. Qh5+ na hapo hana raha: 4...g6 5. Qxe5+ inachukua ngome ya h8, na 4...Ke7 5. Qxe5+ Kf7 6. Bc4+ inamfukuza mfalme uwanjani. Akijua, atacheza 3...Qe7, na mtoto wako arudishe farasi f3 bila tamaa.

Mtego wa pili ni 3...Nd4 baada ya Kitaliano. Kitunda cha e5 kinaonekana kimeachwa. Kikiliwa, 4. Nxe5 Qg5, malkia anapiga farasi na g2 kwa pamoja, na 5. Nxf7 Qxg2 6. Rf1 Qxe4+ 7. Be2 Nf3 ni chekimeti, mfalme akiwa amezibwa na kete zake mwenyewe. Jibu la utulivu ni 4. Nxd4 exd4 5. O-O. Nyeupe ametoa kete zaidi na mtego umekwisha.

Wa tatu ni wa kutega, lakini una masharti. 1. e4 e5 2. Nf3 d6 3. Bc4 Bg4 4. Nc3 g6 5. Nxe5! Farasi aliyebanwa anaondoka na kumwacha malkia. Akila malkia, 5...Bxd1 6. Bxf7+ Ke7 7. Nd5#. Asipomla na akacheza 5...dxe5, basi 6. Qxg4 na Nyeupe ana kitunda zaidi. Sharti lenyewe ni hili: kama Nyeusi angecheza 4...Nc6 badala ya g6, mtego haufanyi kazi, maana 5. Nxe5 Nxe5 na farasi huyo anamlinda askofu wa g4 huku akimpiga askofu wa c4. Umepoteza farasi kwa kitunda. Katika hali hiyo tanguliza 5. h3. Askofu akirudi 5...Bh5, ndipo 6. Nxe5! Nxe5 7. Qxh5 Nxc4 8. Qb5+, na malkia anamla farasi wa c4 akiwa amebaki na kitunda zaidi. Watoto hupenda mtego na kusahau sharti, kwa hiyo fundisha vyote viwili siku moja.

Saa, kalamu na mkono

Ufunguzi mzuri unapotea kwa kanuni ndogo. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kete uliyoigusa kwa kukusudia lazima uichezee kama ina hatua halali, na ya mpinzani uliyoigusa lazima uile kama inalika. Kete ikikaa vibaya, sema kwanza "narekebisha", kisha irekebishe, na iwe wakati saa yako ndiyo inayotembea. Kumficha mfalme kunaanza na mfalme, kwa mkono mmoja. Mtoto akigusa ngome kwanza, mwamuzi atamlazimisha kuichezea ngome hiyo na O-O itakuwa imepotea upande huo. Hili linatokea kila mashindano kwa sababu nyumbani hakuna anayejali. Lijalini nyumbani.

Saa inabonyezwa kwa mkono ule ule uliosogeza kete. Hatua isiyo halali mara ya kwanza humpa mpinzani dakika 2 za ziada, na mara ya pili mchezo umepotea. Kitunda kikifika mwisho na malkia wa ziada hayupo mezani, afanye nini? Asimamishe saa na kumwita mwamuzi amletee. Asigeuze ngome kichwa chini akidhani ni malkia, hiyo itahesabiwa ngome. Sare inapendekezwa baada ya kusogeza kete na kabla ya kubonyeza saa, mara moja tu, bila kumsumbua mwenzake. Simu ibaki kwa mlezi nje ya ukumbi. Kukutwa nayo ukumbini ni kupoteza mchezo, hata kama ilikuwa imezimwa mfukoni, isipokuwa kanuni za mashindano hayo zimeruhusu vingine.

Kwenye michezo mirefu hatua zote zinaandikwa, zako na za mpinzani, na unaandika baada ya kucheza, siyo kabla. Tumia kuandika kama breki. Watoto hucheza haraka mno: mwenye dakika 60 anamaliza mchezo na 48 bado zipo kwenye saa. Mpe utaratibu wa mwili: mpinzani anasogeza, mtoto anachukua kalamu, anaandika hatua ya mpinzani, anaiweka kalamu chini, ndipo anaangalia cheki zote, kula zote, na kitunda cha f chake. Kisha anacheza. Sekunde hizo ishirini ndizo zinazookoa malkia. Ikibaki chini ya dakika 5 na saa haiongezi sekunde 30 kila hatua, anaweza kuacha kuandika. Kwenye mchezo wa haraka, ule ulio chini ya dakika 60, halazimiki kuandika, kwa hiyo utaratibu ule aufanye kwa macho, mkono ukiwa chini ya meza.

Mwezi wa maandalizi na siku yenyewe

Wiki ya kwanza ni ya kula na kuhesabu. Ya pili ni Kitaliano upande wa Nyeupe, ya tatu upande wa Nyeusi pamoja na 5...Na5. Ya nne acha kufundisha kipya: michezo miwili kwa siku na saa, karatasi, na ukimya. Kama hamna saa ya chesi, programu ya simu inatosha kwa mazoezi, ila mashindanoni beba betri za ziada, maana saa nyingi hutumia betri ndogo na hufa katikati ya raundi. Ubao wa karatasi nzito au turubai wenye miraba ya sentimita 5 hadi 6 ndio unaokaribiana na wa mashindano, ambako mfalme ana urefu wa sentimita 9.5 hivi. Mtoto aliyezoea ubao mdogo wa plastiki haoni askofu aliye pembeni ya mbali akikaa kwenye mkubwa. Fanyeni mazoezi ya mwisho kwenye mkubwa, hata kama mnauchora wenyewe juu ya kadibodi.

Hakikisha umri. Kundi la chini ya miaka 12 kwa utaratibu wa FIDE ni mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka 12 kabla ya Januari 1 ya mwaka huo. Beba cheti cha kuzaliwa.

Anayetoka Kigoma kuja Tabora kwa treni ya usiku afike siku moja kabla. Mtoto aliyelala ameegemea dirisha hawezi kuhesabu walinzi wa d5 saa tatu asubuhi. Kati ya raundi mpe ndizi, karanga na maji. Ugali wa kushiba na migebuka uwe wa jioni, raundi zikiisha. Mkae kivulini chini ya mwembe, mbali na ubao wa matokeo, na usimpangie mpinzani ajaye kwa maneno ya kutisha.

Mchezo ukiisha wote wawili wanasaini karatasi zenye matokeo. Akishindwa, mwache dakika ishirini anywe maji na kulia kama analia. Kisha chukua karatasi yake na utafute hatua ya kwanza aliyocheza bila kuweza kukuambia kazi yake. Itie duara kwa kalamu nyekundu. Mara nyingi itakuwa kati ya hatua ya 5 na ya 12, na mara nyingi itakuwa ni kula.